Picha ya Mwenzio Jukwaani: Haki ya Mtungaji Katika Sanaa ya Hotuba

Tangu zamani jamii zetu zimempa heshima ya pekee mtu ajuaye kusema. Mzee wa baraza, khatibu msikitini, mhubiri kanisani, mlumbi penye mashauri na manju penye ngoma, wote hao walijulikana kwa mali moja, nayo ni ulimi. Mlumbi hakuhitaji chombo. Alisimama mbele ya watu na maneno yake, na kama maneno hayo yalikuwa mazuri, sifa ilikuwa yake; na kama yalikuwa mabovu, aibu nayo ilikuwa yake.

Katika miaka hii amezuka msemaji wa namna nyingine. Huyu ni mtoa mada wa semina, mhamasishaji wa wafanyabiashara, mwalimu wa uongozi au wa malezi, ambaye hualikwa kwa barua na kulipwa ada au posho, na ambaye husimama ukumbini akiwa na kompyuta na projekta. Nyuma yake ukutani hupita picha na filamu fupi fupi: simba akimfukuza swala, mtoto anayelia, kiongozi wa zamani akihutubia, meli ikizama, mwanariadha akianguka na kuinuka tena. Watu hucheka, hushangaa, na pengine hulia. Kazi ya huyu msemaji ni halali na yenye manufaa, wala hatuna ugomvi nayo.

Katika insha hii tunakusudia kuhakiki sehemu moja tu ya kazi hiyo, kwa kuuliza swali ambalo ukumbini haliulizwi: picha ile ni ya nani? Dai letu ni kwamba picha inayoonyeshwa jukwaani ni usemi wa mtu mwingine, na kwamba msemaji, kwa kuwa anaishi kwa usemi wake, anapaswa kuwa wa kwanza kuuheshimu usemi wa mwenziwe.

Picha ni usemi

Wako wanaodhani kwamba picha katika hotuba ni pambo, kama maua yawekwayo mezani kwa mgeni rasmi. Kama ingekuwa pambo tu, ingeweza kuondolewa na hotuba ikabaki na nguvu zake. Lakini na tumtazame mtoa mada anayezungumzia huruma. Kwa robo saa ameeleza maana ya huruma kwa maneno ya kawaida, na watu wanamsikiliza huku wengine wakitazama saa. Mara anaonyesha filamu fupi ya umati wa watu waliodhoofu kwa njaa, wakingoja chakula katika uwanda wenye baridi. Ukumbi mzima unanyamaza. Hotuba inapokwisha, msemaji anapongezwa kwamba amewagusa watu. Mhakiki hana budi kuuliza: ni nani hasa aliyewagusa?

Mfano wa filamu ya namna hiyo tunao, na aliyeipiga alikuwa mtu wa pande zetu. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko Dar es Salaam akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963. Mwezi Oktoba 1984 aliingia kaskazini mwa Ethiopia pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC, akapiga filamu ya njaa iliyokuwa ikiua watu huko. Filamu hiyo ilitangazwa Uingereza tarehe 23 Oktoba 1984, na kutoka hapo ikaenea duniani. Misaada mikubwa iliyofuata, na tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985, mizizi yake imo katika dakika hizo chache za filamu. Mwaka 1991 Mohamed Amin alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, lakini hakuiacha kazi. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro.

Tumeyaeleza haya ili msomaji apime. Mtoa mada amefika ukumbini kwa gari, akachomeka waya, akabonyeza kitufe. Aliyepiga filamu alivuka milima, akahatarisha uhai, akachagua mahali pa kusimama na saa ya kupiga, na kazi nyingine kama hiyo baadaye ikamgharimu kiungo cha mwili. Machozi ya wale waliomo ukumbini ni mavuno ya jembe la nani? Tena mara nyingi jina la mwenye jembe halitajwi hata mara moja. Inaweza kuwa kwamba haki ya kuiuza filamu ni ya shirika la habari na wala si ya mpiga picha, maana aghalabu ndivyo mikataba ya kazi hiyo ilivyo. Lakini sifa ya kuipiga haiwezi kuhamia kwa mtu mwingine.

Hebu tuchukue mfano wa pili, ulio karibu zaidi. Hakuna sherehe ya Muungano ambayo mtu hasimami akaonyesha picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwaka 1964. Picha hiyo imekuwa kama nembo ya Taifa. Tumekwisha kuiona katika vitabu, kalenda, mabango na kuta za kumbi. Msemaji hueleza udongo, hueleza chungu, huwaeleza hata akina mama na vijana wanaoonekana pembeni. Mtu mmoja tu ndiye asiyeelezwa, naye ni yule aliyekuwa nyuma ya kamera. Taifa linalohifadhi picha na kusahau aliyeipiga limehifadhi nusu ya historia yake.

Desturi ya washairi

Wengine watasema kwamba mambo ya hakimiliki ni ya kigeni, yaliyoletwa na Wazungu pamoja na mitambo yao, na kwamba utamaduni wetu ulikuwa ni wa kushirikiana. Kauli hiyo ina ukweli kidogo na kosa kubwa. Ni kweli kwamba hadithi za bibi na nyimbo za kutwangia hazikuwa na mwenyewe. Lakini katika ushairi wetu mambo hayakuwa hivyo. Watunzi wengi wa tenzi walikuwa na desturi ya kutaja majina yao katika beti za mwisho, pamoja na nasaba zao, miji yao, na pengine tarehe ya kumaliza kazi. Msomaji alikuwa hana njia ya kuufikia mwisho wa utenzi bila ya kukutana na mwenyewe mlangoni.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliishi vinywani mwa watu kwa miaka mingi, kabla Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor hawajayakusanya mwishoni mwa karne ya 19. Katika miaka yote hiyo yaliimbwa na watu wasiomwona Muyaka kamwe, na bado yalikuwa mashairi ya Muyaka. Huo ndio ushirikiano wa kweli: shairi lilikuwa la wote kwa kuimbwa, na la mmoja kwa kutungwa. Hali kadhalika katika kurasa za mashairi za magazeti yetu, jina la mtunzi na mji wake viliwekwa pamoja na shairi, na ole wake aliyeleta beti za mwenziwe kwa jina lake! Malenga hawakungoja mahakama. Walimjibu kwa beti, naye akaadhirika mbele ya wasomaji wote.

Kwa hiyo adabu ya kumtaja mtungaji haikuletwa na meli yoyote. Ilikuwapo barazani. Kilichotoka nje ni utaratibu wa maandishi, adhabu na malipo.

Sheria yasemaje

Wakati wa ukoloni ilitumika kwetu sheria ya Waingereza ya mwaka 1911. Baada ya Uhuru, Bunge letu lilitunga Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966. Mwaka 1994 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne, ambao ulianzishwa mwaka 1886, na mwaka 1999 ikatungwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka huo, ikachukua nafasi ya ile ya 1966. Chini yake ndipo ilipoanzishwa COSOTA. Zanzibar nayo ina sheria yake ya mwaka 2003, na chombo chake, COSOZA.

Mambo ambayo msemaji wa jukwaani anapaswa kuyajua katika sheria hizi si mengi. La kwanza ni kwamba picha na filamu zimo katika orodha ya kazi zinazolindwa, sawa na kitabu na wimbo. La pili ni kwamba ulinzi huo huanza tangu kazi inapotengenezwa. Mwenye picha halazimiki kuiandikisha popote, wala kuitia alama yoyote pembeni, ili awe na haki. La tatu ni kwamba haki zenyewe ni za namna mbili. Iko haki ya mali, yaani haki ya kuruhusu au kukataza picha isinakiliwe, isionyeshwe hadharani, isitangazwe na isigeuzwe. Na iko haki ya heshima, yaani haki ya mtungaji kutajwa kuwa ndiye mtungaji, na kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia hadhi. La nne ni muda: kwa kanuni ya jumla, haki ya mali hudumu kwa uhai wote wa mtungaji na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Msemaji azingatie maneno haya mawili: kunakili na kuonyesha hadharani. Anapoichukua picha kutoka mahali fulani na kuiweka katika kompyuta yake pamoja na mada yake, amenakili. Anapoitupa ukutani mbele ya watu mia mbili waliolipa kiingilio, ameonyesha hadharani. Kwa tendo moja la dakika moja amegusa haki mbili za mtu asiyemjua.

Visingizio vya ukumbini

Tumepata kusikia majibu mengi yanayotolewa na wasemaji wanapoulizwa juu ya jambo hili. Tuyapime moja moja.

Jibu la kwanza ni kwamba picha imo katika mtandao wa intaneti, na kila mtu anaweza kuiona. Kuonekana si kutolewa. Embe lililoning'inia juu ya njia huonekana na kila mpita njia, lakini halijaacha kuwa la mwenye shamba. Mwenye picha ameiweka mahali pa kuonekana ili ionwe, na labda ili apate kazi. Hakuiweka ili mwingine aitumie kupata ada.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba semina ni elimu, na elimu haina ubaguzi. Hapa sheria yenyewe inamwelekea mwalimu. Mkataba wa Berne unaruhusu kazi itumike kwa kufafanulia mafundisho, na sheria yetu ya 1999 inafuata njia hiyo hiyo, kwa masharti kwamba matumizi yasizidi haja, yaendane na desturi ya uungwana, na mtungaji pamoja na chanzo vitajwe. Mwalimu wa historia anayewaonyesha wanafunzi picha ya vita ili wajifunze habari za vita hiyo yumo ndani ya ruhusa hiyo. Lakini mtoa mada anayelipwa na kampuni ili awachangamshe wauzaji wake hotelini, akaonyesha picha ya simba kwa sababu tu simba anapendeza, anafundisha nini juu ya picha ile? Ruhusa ya darasani haikushonwa kwa kipimo chake.

Kipimo tunachopendekeza sisi ni hiki: je, hotuba inaizungumzia picha, au inaitumia tu? Msemaji akisema, "Tazameni jinsi mpiga picha alivyomweka mtoto upande wa giza," amenukuu, kama mhakiki anavyonukuu ubeti ili auchambue. Akiitumia kujaza ukuta wakati yeye anazungumza habari nyingine, amejipambia nguo ya kuazima, tena bila ya kuiazima.

Jibu la tatu hutoka kwa wale waliosoma kidogo. Husema kwamba kuna kanuni ya "matumizi ya haki" inayoruhusu kila kitu kisicho na hila. Kanuni hiyo ni ya Marekani. Imo katika sheria yao ya mwaka 1976, nayo huwataka mahakimu wapime mambo manne: kusudi la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na madhara kwa soko la mwenye kazi. Si sheria yetu. Nayo hata huko kwao haina mlango mpana kama inavyodhaniwa. Tarehe 18 Mei 2023 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, iliamua kwamba picha ya mwanamuziki Prince iliyochorwa na msanii maarufu Andy Warhol, kutokana na picha iliyopigwa na Lynn Goldsmith mwaka 1981, haikustahili kukodishwa kwa gazeti kwa kisingizio cha kusudi jipya. Ikiwa Warhol, aliyeigeuza picha kwa mkono wake mwenyewe, hakupewa nafasi hiyo, itakuwaje kwa mtu aliyeinakili kama ilivyo?

Jibu la nne ni kwamba kipande kilichoonyeshwa ni kifupi, sekunde kumi au ishirini tu. Katika Mkataba wa Berne na katika sheria yetu hakuna hesabu ya sekunde. Kinachopimwa ni haja na uungwana. Tena picha moja haina kipande. Anayeionyesha huionyesha yote.

Jibu la tano ni la waungwana: "Nimemtaja mwenyewe." Huyu amefanya nusu ya wajibu wake, nasi twampongeza kwa nusu hiyo. Hata hivyo kutaja jina hakuchukui nafasi ya idhini, kama vile kumtaja mwenye ng'ombe hakumpi mtu ruhusa ya kumkama. Na kinyume chake ni kweli pia: aliyelipia picha hajanunua haki ya kumficha aliyeipiga.

Tuongeze kwamba idhini haihusu fedha peke yake. Mwaka 1960 mpiga picha wa Kuba, Alberto Korda, alimpiga Che Guevara picha ambayo baadaye ilienea dunia nzima katika mabango na fulana. Kwa miaka mingi Korda hakudai malipo, kwa kuwa aliona picha yake inatangaza fikra alizoziamini. Lakini mwaka 2000, ilipotumika katika tangazo la pombe kali, alikwenda mahakamani London. Shauri lilimalizwa kwa mapatano, naye akalipwa dola 50,000, akazitoa kwa ajili ya tiba ya watoto wa nchi yake. Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba mtungaji anaweza kuwa mkarimu kwa shughuli moja na mkali kwa nyingine, na kwamba hakuna awezaye kumkisia bila ya kumwuliza.

Kioo cha msemaji

Sasa tumgeuzie msemaji kioo ajitazame. Mkataba wa Berne, katika orodha yake ya kazi zinazolindwa, umeweka mihadhara, hotuba na mawaidha pamoja na vitabu. Ijapokuwa nchi zinaruhusiwa kuziondoa hotuba za siasa katika ulinzi huo, na kuruhusu hotuba za hadharani zitangazwe na vyombo vya habari, bado haki ya kuzikusanya hotuba zake pamoja imewekwa mikononi mwa msemaji mwenyewe. Hotuba na maandishi ya Mwalimu Nyerere yalipokusanywa katika Uhuru na Umoja mwaka 1966, na katika Uhuru na Ujamaa mwaka 1968, vitabu vilitoka kwa jina lake.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni wa Martin Luther King. Hotuba yake ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963 ilisikiwa na umati mkubwa na kutangazwa kwa redio na televisheni. Mwaka ule ule King aliiandikisha kwa hakimiliki na kuwashtaki waliokuwa wakiuza santuri zake bila idhini, na mahakama ikawazuia. Warithi wake walipoishtaki kampuni ya CBS, mahakama ya rufaa iliamua mwaka 1999 kwamba kuhutubia mbele ya watu, hata wawe wengi namna gani, si kuitoa hotuba iwe mali ya kila mtu. Ilipotengenezwa filamu iitwayo Selma, iliyotoka mwaka 2014, mwongozaji wake Ava DuVernay ilimbidi atunge maneno mapya ya kumtilia King kinywani, kwa kuwa haki za hotuba zilikuwa zimekwisha kutolewa kwa wengine.

Msomaji anaweza kuona kwamba warithi wale wamekaza kamba mno, nasi hatuna haja ya kuwatetea. Tunalotaka lionekane ni hili: sheria inayomlinda mpiga picha dhidi ya msemaji ndiyo hiyo hiyo inayomlinda msemaji. Mtoa mada ambaye angekasirika kuikuta mada yake imesomwa na mtu mwingine katika mji mwingine, kwa ada, bila ya jina lake, ana haki ya kukasirika. Basi na aikumbuke hasira hiyo anapotafuta picha usiku wa kuamkia semina.

Liko jambo jingine ambalo wasemaji wengi hawalijui. Hotuba ya siku hizi haiishii ukumbini. Hurekodiwa, ikawekwa katika intaneti, pengine ikauzwa. Idhini iliyotolewa kwa kuonyesha picha mbele ya watu mia katika chumba kimoja haifiki huko. Kuieneza rekodi ni matumizi mengine, yenye idhini yake. Ndiyo maana inafaa mkataba baina ya msemaji na waandalizi utaje wazi ni nani atakayeomba idhini za picha na filamu, na kama mada itarekodiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na lawama nayo bila daftari hupata mwenyewe asiyestahili.

Ugumu uliopo

Haitakuwa haki kumlaumu msemaji peke yake tukanyamaza juu ya ugumu anaoukuta. Picha nyingi za historia yetu wenyewe hazimo mikononi mwetu. Picha za babu zetu mashambani na mashujaa wetu minyororoni zilipigwa na wageni, na nyingi zimehifadhiwa Ulaya na Marekani. Mwalimu wa Tabora au Pemba anayetaka kuwaonyesha vijana sura ya wazee wao huenda akatakiwa alipe kwa fedha za kigeni. Hili ni jambo la kuumiza, na sheria haikulitazama vya kutosha. Mwaka 1971, huko Paris, Mkataba wa Berne uliongezewa kiambatisho kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Lakini ruhusa zake zahusu hasa kutafsiri na kuchapa upya vitabu kwa ajili ya mafunzo, na hazimsaidii sana mtafuta picha.

Hata hivyo, kosa la mwenye nguvu haliwi hoja ya kumdhulumu mnyonge. Anayeumizwa na unakili wa ovyo si lile shirika kubwa la ng'ambo lenye mawakili wake. Ni kijana wa Mwanza au Tanga aliyekopa fedha akanunua kamera, akapiga picha ya wavuvi alfajiri, kisha akaikuta ukutani katika semina ya wageni wa heshima, na mwenye kuionyesha analipwa. Mkono mtupu haulambwi. Kijana huyo akikata tamaa akauza kamera yake, miaka ijayo tutaendelea kuonyeshana picha za nchi yetu zilizopigwa na wageni, na kuzilipia.

Milango iliyo wazi si michache. Mlango wa kwanza ni kazi ambazo muda wake umekwisha. Mwalimu Nyerere alipowatafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi hakuhitaji idhini ya mtu, kwa kuwa Shakespeare alifariki mwaka 1616, na kazi zake ni mali ya walimwengu wote. Na bado jina la Shakespeare halikuondolewa. Haki ya mali ina mwisho, lakini adabu ya kutaja haina. Mlango wa pili ni picha ambazo wenyewe wamezitoa kwa leseni huria, kama zile za Creative Commons zilizoanza mwaka 2002. Hizi zina masharti yake: karibu zote hutaka jina litajwe, na baadhi hukataza matumizi ya biashara, jambo linalomhusu moja kwa moja msemaji wa kulipwa. Mlango wa tatu ni kuandika barua. Wapiga picha wengi, wakiombwa kwa heshima na kuelezwa kusudi, hukubali kwa ada ndogo au bila ada. Mlango wa nne ndio tuupendao zaidi: msemaji amwajiri mpiga picha wa mji wake. Mtoa mada wa ushirika atapata picha gani iliyo bora kuliko ya wakulima anaozungumza nao?

Nasi watumishi wa umma tuna sehemu yetu. Ofisi nyingi huandaa semina na kuchapa vitabu vyenye picha zisizo na majina. Hifadhi za picha za Serikali, kama ile ya Idara ya Habari, zina hazina kubwa ya historia. Tungependa kuona kila picha ikiandikiwa jina la aliyeipiga maadamu wako wazee wanaokumbuka, na kisha picha hizo zitolewe kwa walimu na wasemaji kwa utaratibu mwepesi. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya. Inahitaji daftari, kalamu, na mtu wa kuwauliza wazee kabla hawajaondoka.

Yatupasa tukumbuke kwamba msemaji ni mlinzi wa maneno katika jamii. Watu humwamini kwa sababu wanadhani anayosema ni yake, au kwamba amesema yametoka kwa nani. Siku watakapojua kwamba chozi lililowatoka lilitolewa na mtu aliyefichwa, imani hiyo itapungua, na pamoja nayo itapungua hadhi ya hotuba yenyewe. Hakuna ukumbi uliowahi kumpungukia msemaji sifa kwa sababu alinyamaza kidogo, akageukia ukuta, akasema: picha hii ilipigwa na fulani, mwaka fulani, mahali fulani, nami nimeruhusiwa kuwaonyesha. Maneno hayo huchukua muda mfupi kuliko kunywa maji, nayo yanatosha kumrudishia mtungaji jina lake na kumwachia msemaji heshima yake.